Filibasta si mamluki

Kila aliyevamia nchi ya watu bila sare ya jeshi la dola siku hizi anaitwa mamluki: Mmarekani William Walker, Mike Hoare, hata Leander Starr Jameson. Kati ya hao watatu, jina hilo linamfaa Hoare peke yake.

Filibasta ni mtu anayekusanya askari kwa fedha za watu binafsi, bila idhini ya serikali yake, akateke ardhi ya nchi ambayo serikali hiyo haina vita nayo. Walishamiri Marekani katikati ya karne ya 19.

Swali la kuwatenganisha ni moja: nchi ikishatekwa, nani ataitawala? Mamluki anapigania utawala wa mwingine. Novemba 1981 Hoare na watu wake waliingia Shelisheli kama watalii, wamwondoe Rais France-Albert René na kumrudisha rais wa zamani, James Mancham. Silaha ikagunduliwa forodhani, wakatorokea Durban kwa ndege ya Air India waliyoiteka. Hakuna kati yao aliyetaka urais.

Walker aliutaka. Mwaka 1853 alishuka La Paz, Baja California, nchini Meksiko, na watu 45, akajitangaza rais wa jamhuri aliyoibuni mwenyewe. Njaa na utoro vikammaliza.

Nicaragua ndiko wengi wanakopotea, kwa kuwa mwaka 1855 alikwenda kwa mkataba na upande mmoja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hapo alifanana kweli na mamluki. Lakini Julai 1856 alijiapisha kuwa rais, na Septemba akafuta amri iliyokuwa imepiga marufuku utumwa. Kilichomwangusha ni njia ya mahitaji. Askari wapya walimfikia kwa meli za mto San Juan, naye alikuwa ameipokonya kampuni yenye meli hizo kibali chake, akamgeuza tajiri aliyeiongoza, Cornelius Vanderbilt, kuwa adui. Desemba 1856 Wakosta Rika, wakisaidiwa na wakala wa Vanderbilt, waliuteka mto. Walker akasalimu amri tarehe 1 Mei 1857.

Jameson, aliyeivamia Transvaal, jamhuri ya Makaburu ambayo sasa ni sehemu ya Afrika Kusini, na kukamatwa Doornkop Januari 1896, anakaribia zaidi kuwa filibasta, maana serikali yake ya London ilimkana na ikamfunga. Ukimwita hivyo, ongeza basi kwamba wengi wa askari wake walikuwa polisi wa kampuni yenye hati ya kifalme ya Uingereza, na aliyempangia, Cecil Rhodes, alikuwa Waziri Mkuu wa Koloni la Cape.