Taa imezimika Pipeline: mkaazi wa Nairobi amlilie nani?

Malalamiko mengi ya wakaazi wa Nairobi hufia njiani kwa kuwa yamepelekwa kwa mtu asiye na mamlaka nayo. Mkaazi wa Pipeline, tuseme, ana mwakilishi wa wadi (MCA), mbunge wa Embakasi Kusini, mwakilishi wa kike, seneta, gavana na Rais. Ni kura sita, na kila moja ina kazi yake.

Dhana: MCA ndiye wa kuleta taa na kuzoa taka.

Taa za barabarani, taka, masoko na shule za chekechea ni majukumu ya kaunti, ndivyo Jedwali la Nne la Katiba linavyosema. Lakini kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza MCA kujitia katika utekelezaji kana kwamba ni afisa wa kaunti. Yeye hupitisha sheria na bajeti, kisha huwahoji watekelezaji.

Kwa hiyo taa ikizimika, anza kwa msimamizi wa wadi, ambaye ni mwajiriwa wa kaunti. Barua itaje barabara, nguzo yenyewe na tarehe taa ilipozimika, nawe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Wiki zikipita kimya, mpelekee MCA nakala hiyo. Hapo ana la kuuliza katika Bunge la Kaunti. Simu ya "mheshimiwa, tuko gizani" haimpi chochote cha kushika.

Dhana: Mradi mpya huombwa bajeti inaposomwa Juni.

Juni mambo yamekwisha. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, karibu miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Waraka wa sera ya fedha, unaogawia kila idara kiwango chake, hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Watu hujazana kwenye vikao vya Mei wakidai taa tano ambazo hazimo kwenye mpango wa Septemba, na jibu huwa ni lile lile: njooni mwaka ujao. Anayetaka taa mpya aende na ombi lake Julai au Agosti.

Dhana: Kila barabara na hospitali ya Nairobi ni ya gavana.

Thika Road iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, KeNHA. Kuna barabara nyingine za jiji zinazosimamiwa na KURA, mamlaka ya barabara za mijini, ambayo pia ni ya serikali kuu. Hospitali ya Kenyatta ni ya kitaifa. Mama Lucy Kibaki na Pumwani ni za kaunti. Madarasa ya msingi na sekondari na vituo vya polisi navyo ni mambo ya serikali kuu, ndiyo maana NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, hujenga hayo na si zahanati. Kumlaumu gavana kwa mwalimu aliyekosekana shule ya msingi ni kumwonea bure.

Dhana: Mwakilishi wa kike ni wa wanawake peke yao.

Huchaguliwa na wapiga kura wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake, na hukaa Bunge la Kitaifa akiwa na kura sawa na ya mbunge yeyote. Hana kiti City Hall, makao ya kaunti.

Dhana: Seneta hana kazi.

Kaunti nzima ina kura moja tu Seneti katika miswada inayohusu kaunti, na seneta wa kuchaguliwa ndiye huipiga kwa niaba ya ujumbe wa kaunti yake. Mgao wa pesa za kaunti hupitia hapo. Na MCA wakimtimua gavana, Seneti ndiyo husema neno la mwisho bungeni: Mike Sonko aliondolewa na Bunge la Kaunti Desemba 3, 2020, lakini kiti chake kilienda Desemba 17, Seneti ilipoidhinisha.

Dhana: Chifu ni mwakilishi wetu.

Hajachaguliwa na mtu. Huajiriwa na serikali kuu. Na meya? Hakuna tangu 2013.

Dhana: Nilijiandikishia kura mashambani, hapa sina mwakilishi.

Ni kweli kura yako haihesabiwi hapa, na mwanasiasa anajua hilo. Hata hivyo, haki ya kuwasilisha ombi Bungeni chini ya kifungu cha 119 cha Katiba ni ya kila mtu, awe mpiga kura au asiwe. Hata Bunge la Kaunti hupokea maombi ya namna hiyo. Ombi la Bungeni huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, likiwa na jina, anwani na sahihi. Lieleze pia mambo mawili ambayo wengi husahau: hatua ulizochukua kwa ofisi husika kabla ya kufika hapo, na kama suala hilo liko mahakamani. Ile nakala yenye muhuri wa msimamizi wa wadi ndiyo ushahidi wa hatua hizo.