Ana h ya 38. Kwa Hivyo Nini?

Swali ni lile lile, na safari hii limetoka kwa mjumbe wa kamati ya kupandisha vyeo hapa Mombasa. Watafiti wawili wa ubongo wameomba cheo kimoja. Mmoja ana h-indeksi, kipimo cha jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa na wenzake, ya 38, mwengine ana 14. Je, jibu si liko wazi? Haliko wazi hata kidogo, na inaudhi kuona faili ya kazi ya miaka mingi ikifungwa kwa tarakimu mbili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, aliipendekeza mwaka 2005. Unapanga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha unashuka. Nafasi ya mwisho ambayo nukuu zake hazijawa chache kuliko nambari ya nafasi yenyewe ndiyo h. Mwenye makala za nukuu 90, 41, 20, 9, 6, 5, 5, 2 na 1 ana h ya 5, maana ya sita ina nukuu 5 tu. Mwenye makala saba, kila moja nukuu 7, ana h ya 7. Wa kwanza amenukuliwa mara 179, wa pili mara 49. Tena h haishuki: mtu akiacha utafiti leo, nambari inaweza kuendelea kupanda. Basi kumlinganisha mwenye miaka 25 kazini na mwenye miaka 9 ni kupima umri.

Halafu, h ya wapi? Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, huhesabu hata tasnifu na rasimu ambazo hazijapitiwa, kwa hiyo nambari yake huwa kubwa. Scopus na Web of Science, hifadhidata za makala za kitaaluma, huchagua majarida, na majarida mengi ya Afrika yamo nje. Anayechukua h ya mmoja kutoka Google Scholar na ya mwenzake kutoka Scopus hajalinganisha chochote. Andika jina la hifadhidata na tarehe uliyoifungua, kila mara.

Sisi wa Pwani tuna tatizo jingine, la majina. Mtu anaitwa Mwanaisha Ali Said: jina lake, la babake, la babu yake. Jarida moja litamwandika Said MA, jingine Ali MS, la tatu Mwanaisha AS. Scopus itamfanya watu watatu. Upande wa pili, Mohamed A wa Mombasa atarundikiwa makala za kina Mohamed A wa Cairo na Karachi. Makala ikigawanyika pia inaumiza: yenye nukuu 22 ikisajiliwa mara mbili, 13 huku na 9 kule, haifikishi 14 popote, na mwenye h ya 14 anaweza kuonekana na 13. Dawa ni kuchagua umbo moja la jina tangu makala ya kwanza, kujisajili ORCID, rejista ya kimataifa ya vitambulisho vya watafiti, na kuweka nambari yake ya tarakimu 16 kwenye kila muswada, kuunganisha nakala kwenye wasifu wa Google Scholar, na kuzima uongezaji wa makala bila idhini yako. Kwa Scopus unaomba wasifu wako uunganishwe.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi zaidi. Watu husema "sayansi ya ubongo" kana kwamba ni chumba kimoja. Karl Friston wa London ana h inayopita 200, na sehemu kubwa ya sababu ni SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo ambayo maabara duniani kote huitumia na kuinukuu. Ni mchango mkubwa kweli. Lakini mbinu hunukuliwa na kila anayeitumia, na makala za mapitio, zinazofupisha tafiti za wengine, hunukuliwa kuliko majaribio. Chukua utafiti wa kifafa uliochapishwa Lancet Neurology mwaka 2013, uliofanywa Kilifi, Ifakara (Tanzania), Iganga (Uganda), Agincourt (Afrika Kusini) na Kintampo (Ghana). Ulihesabu wagonjwa nyumba kwa nyumba. Wanaoandika juu ya kifafa vijijini Afrika ni wachache, basi hata nukuu za uwanja huo zina dari. Ukimweka mtafiti wa kifafa cha watoto kwenye mizani moja na mtu wa picha za ubongo, umepima idadi ya wasomaji wao.

Kuna kipimo cha Scopus kinachosawazisha kwa fani, mwaka na aina ya makala, ambapo 1.00 ni wastani wa dunia. Ni afadhali, lakini nacho ni wastani: makala moja iliyolipuka huvuta zote. Kitazame bila makala hiyo moja.

Wala kunukuliwa si kukubaliwa. Makala ya 2006 katika Nature kuhusu protini ya Aβ*56 na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, ilinukuliwa zaidi ya mara 2,000, kisha ikabatilishwa 2024 kwa sababu ya picha zilizochezewa. Nukuu hizo hazikufutika. H-indeksi haijui tofauti ya "tulithibitisha matokeo yao" na "tulishindwa kupata matokeo yao".

Penye waandishi wengi sina jibu la uhakika. Makala za Global Burden of Disease, utafiti wa mzigo wa magonjwa duniani, zina mamia ya majina, na kila mmoja hupata nukuu zote. Kuzigawa kwa idadi ya waandishi kunamwonea aliyebeba kazi. Kuzihesabu nzima kunamzawadia aliyetuma jedwali moja. Ninachoomba kwa sasa ni mwombaji ataje makala zake tano na, chini ya kila moja, aandike alichofanya kwa mkono wake: alibuni, alikusanya, alichambua, au aliandika. Na wajumbe wawili wa kamati wazisome zote tano kabla ya kufungua hifadhidata yoyote.