Nyota, karafuu na hamira: namna ninavyotia ladha kombucha hapa Pemba

Msimu wa kaskazi uliopita, kijana mmoja wa kike alifika kwangu Chake Chake akitaka nimtengenezee kombucha, yaani chai ya sukari iliyochachushwa, ya nyota yake. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba yeye ni Simba, kwa kuwa amezaliwa mwezi wa Agosti, na kwamba watu wa nyota hiyo, ambao asili yao ni moto, hufaliwa na kinywaji cha tangawizi na pilipili. Nilimwambia, "Mwanangu, mwenye moto humwongezi kuni." Akanijibu papo hapo, "Lakini si mwasema wenyewe kwamba dawa ya moto ni moto?" Nilicheka, nikamtilia mnanaa na ndimu, naye akaichukua chupa yake kwa shingo upande. Swali lake lilibaki nami, na makala haya ni jawabu ambalo siku ile sikuwa na nafasi ya kulitoa.

Wazee wetu wa falaki, yaani elimu ya nyota, hawakuitafuta nyota ya mtu kwa tarehe ya kuzaliwa pekee. Njia iliyozoeleka zaidi huku kwetu ni hesabu ya abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea. Hujumlishwa jina la mtu na jina la mama yake, jumla ikagawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho kinachoonyesha buruji, yaani nyota ya mtu. Chukua Ali mwana wa Fatuma: Ali ni 70 na 30 na 10, yaani 110, Fatuma, kwa maandishi ya Kiarabu, ni 135, jumla ni 245, na ukiigawa kwa 12 hubaki 5. Ukihesabu Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, unafika Asadi, ambaye ndiye huyo Simba wa kwenye simu. Buruji 12 hizo zimegawanywa katika asili nne: Hamali, Asadi na Kausi ni za moto, Thauri, Sumbula na Jadi ni za udongo, Jauza, Mizani na Dalu ni za upepo, Saratani, Akarabu na Hutu ni za maji.

Niseme mapema kwamba sitabirii mtu mambo yake, na sitaki kuingia katika ugomvi wa masheikhe juu ya unajimu. Ninachokichukua kwenye elimu hii ni kanuni moja tu ya tiba ya zamani, ile ile inayomfanya bibi yeyote wa Pemba akukataze kula kitu cha baridi ukiwa na mafua: kila chakula kina umoto au ubaridi, ukavu au umajimaji, na kilichozidi husawazishwa kwa kinyume chake. Kwa mtu wa kazi yangu kanuni hiyo ina faida kubwa, kwa sababu kombucha yenyewe tayari ni kali na ina utamu kidogo, na anayeitilia ladha bila mpango huishia kuongeza ukali juu ya ukali au sukari juu ya sukari.

Kabla ya ladha, kinywaji chenyewe kiwe sawa. Kwa kila lita 1 ya maji mimi hutumia gramu 6 za majani makavu ya chai na gramu 70 za sukari. Chai ikishapoa kabisa hutiwa mililita 100 za kombucha kali ya mkupuo uliotangulia, kisha huwekwa juu utando wake, ule wa hamira na bakteria wanaoichachusha chai. Ukali huo wa mwanzo ndio mlinzi dhidi ya kuvu, hasa wakati wa masika, nyumba nzima inapokuwa na unyevu. Kuvu likionekana juu ya utando, mwaga vyote, pamoja na utando wenyewe. Chombo kiwe cha kioo. Sufuria ya alumini haifai, kwa kuwa asidi hula madini yake. Kaskazi, joto linapopita nyuzi 30, siku 6 zinatosha. Wakati wa kusi mimi hungoja hadi siku 10. Utando hutolewa, na mbegu ya mkupuo ujao huwekwa kando, kabla ya kutia kitu chochote chenye ladha. Hapo sifanyi msamaha, kwa sababu mafuta ya viungo yakiufikia utando huudhoofisha, na huenda usijue mpaka mkupuo wa tatu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo waandishi wengi wa mapishi hulipita haraka. Tunda ndani ya chupa iliyozibwa ni chakula cha hamira. Gramu 4 za sukari zikichachuka zote ndani ya lita 1 hutoa takriban gramu 2 za kaboni dioksaidi, kiasi ambacho nje ya chupa kingekuwa karibu lita nzima ya gesi. Juisi ya nanasi mililita 100 ina sukari ya gramu 12 hivi. Ukiitia katika lita moja, umejipatia karibu lita 3 za gesi zilizobanwa, yaani kiasi cha soda, na hapo hujaihesabu sukari iliyobaki kwenye chai yenyewe, ambayo hamira haitaiacha. Nililijua hili kwa vitabu, nikalisahau kwa vitendo. Usiku mmoja wa mwezi wa Februari umeme ulikatika, friji ikapata joto, na chupa moja ya nanasi ikapasuka kwa mshindo uliowaamsha hata jirani zangu. Vigae vyake nilivifagia mpaka chini ya kitanda cha chumba cha pili. Tangu siku hiyo kila mkupuo una chupa moja ya plastiki ya soda miongoni mwa zile za kioo. Ikiwa ngumu nikiiminya kwa kidole gumba, zote huingia kwenye friji saa hiyo hiyo.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, nao kwetu ni mzito zaidi. Gramu 12 za sukari zikichachuka zote ndani ya chupa iliyofungwa huweza kuongeza alkoholi ya karibu asilimia 0.75 kwa ujazo. Mtungi wa mwanzo hufunikwa kwa kitambaa tu, hewa ikapita, na bakteria wakaigeuza sehemu kubwa ya alkoholi kuwa siki. Chupa ikizibwa, bakteria hao hukosa hewa na hamira hubaki peke yake ikifanya kazi. Nchini Marekani kinywaji kikifikia asilimia 0.5 huhesabiwa kisheria kuwa ni kileo. Hukumu ya dini si kazi ya mchachuaji kuitoa. Kazi yangu ni kumwambia mteja kilichomo, na kukipunguza kadiri niwezavyo. Asiyetaka shaka namshauri aache kabisa kuziba chupa pamoja na tunda: aitie juisi ndani ya gilasi wakati wa kunywa, na ladha ya chupani iwe ya majani na viungo, ambavyo havina sukari ya kulisha hamira. Hata hivyo chai yenyewe haikosi alkoholi kidogo, na hilo nalo nalisema.

Ndiyo maana watu wa nyota za udongo hunipa kazi. Udongo ni baridi na mkavu. Kinyume chake ni vitu vya umoto na umajimaji, yaani embe bivu na zabibu, ambavyo vyote ni hazina ya sukari. Kwao hutumia embe boribo lililochujwa kwa kitambaa, kwani nyuzi zake zikibaki huziba shingo ya chupa na kutoa povu la ghafla, na sipitishi mililita 50 kwa lita. Saa 24, kisha friji. Mtu anayetaka utamu zaidi ya huo na anunue juisi ya embe.

Nyota za maji, ambazo ni baridi na zenye unyevu, ndizo zinazonipa raha, kwa sababu dawa yake ipo barazani kwetu. Wakati wa mavuno, karafuu huanikwa kwenye majamvi mpaka ukingoni mwa barabara, na harufu yake hukufuata hadi ndani ya gari. Lakini karafuu si kiungo cha kutiwa ovyo. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni eujeno, kitu kinachoua vijidudu na ambacho pia hutia ganzi ulimini. Ukitia konzi moja tu ya karafuu katika lita moja, hamira hulala, gesi haiji, na kinywaji kikanuka kama chumba cha daktari wa meno. Mimi hutia karafuu 2 nzima kwa lita, si zaidi, nikazitoa baada ya saa 12. Mdalasini una tabia inayokaribiana na hiyo: kijiti cha urefu wa kidole, nacho kitoke siku ya pili. Iliki ni mpole zaidi. Punje za maganda 3 zilizopondwa kidogo hukaa mpaka mwisho bila kuudhi. Tangawizi ni kinyume cha karafuu, kwani tangawizi mbichi huja na hamira zake za mwituni na huchangamsha chupa nzima. Kwa hiyo huviunganisha: vipande vyembamba vya tangawizi, gramu 10 kwa lita, vinaleta gesi, na karafuu mbili zinaizuia isipite mpaka.

Upepo una umoto na unyevu, hivyo huitaka baridi kavu: ukwaju, ubuyu, choya. Vyote vitatu ni vikali, kwa hiyo chai iondolewe kwenye mtungi siku moja au mbili mapema, ikiwa bado ina utamu. Ubuyu wa unga uukoroge kwanza na maji, uuchuje. Unga mkavu ukiutia kwenye kinywaji chenye gesi hurushwa mpaka darini.

Kwa nyota za moto nimeshataja mnanaa na ndimu. Majani 8 ya mnanaa kwa lita, mazima, yasikae zaidi ya siku moja kwani hugeuka meusi na kutoa ladha ya nyasi. Bungo nalo naliweka hapa, ingawa najua wapo watakaobisha. Rojo lake la rangi ya machungwa lina uchachu ambao ndimu haiufikii, na sijaona tunda lingine linaloishi vizuri namna ile na ukali wa kombucha.

Zaidi ya nyota ya mnywaji, naitazama nyota ya msimu. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia hicho ni kile kishada kilichomo ndani ya buruji ya Thauri. Daftari langu la mikupuo nimelipanga kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua wa Waswahili, kama walivyofanya wakulima na manahodha, kwa kuwa joto la mtungi hufuata jua na pepo, wala halifuati mwezi mwandamo, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11. Mkupuo wa mwongo fulani mwaka huu naulinganisha na wa mwongo huo huo mwaka jana, na mara nyingi siku za kuchacha hukaribiana sana.

Yule kijana alirudi baada ya wiki mbili, chupa tupu mkononi, akiwa na jina lake na la mama yake kwenye kipande cha karatasi. Tuliketi tukapiga hesabu ya abjadi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuiamini. Ilibaki sifuri, na sifuri huhesabiwa 12, yaani Hutu, nyota ya maji. Nikainuka kwenda kumenya tangawizi.