Kwa nini saa husema umelala ilhali ulikuwa macho?

Umejilaza chali gizani, unapiga hesabu ya ada ya shule kuanzia saa saba usiku hadi saa tisa. Kunakucha, saa janja iliyo mkononi inakupongeza: umelala vizuri!

Haikukusudia kukudanganya. Ndani yake mna kihisi cha mwendo, na mkono ukitulia kwa muda, programu hukata shauri kwamba mwenyewe kalala. Nyingi za siku hizi zina pia kitaa cha kijani upande wa ngozi. Damu hunyonya mwanga huo, na kila moyo unapopiga, kiasi kinachorudi hubadilika, ndipo saa ikapata mapigo. Lakini usingizi ni mambo ya ubongo, na saa imefungwa kwenye kifundo cha mkono.

Kwa hiyo watafiti wanaotaka kuijaribu saa humlaza mtu maabara, wakambandika elektrodi, yaani vibandiko vya kunasa umeme wa ubongo na misuli, kichwani, kando ya macho na kidevuni. Usiku mzima hukatwa vipande vya sekunde 30, kila kimoja kikaamuliwa: macho au usingizini. Kisha majibu ya saa huwekwa kando ya hayo, kipande kwa kipande.

Kaa chonjo ukitajiwa asilimia ya usahihi. Tuseme mtu amekaa kitandani kwa muda wa saa 8, na katika hizo akalala saa 7. Kifaa kibovu kisichopima lolote, kinachosema "amelala" usiku kucha, kitapata asilimia 87.5! Mimi huuliza hivi: katika dakika alizokuwa macho, kimenasa ngapi? Hapo ndipo vifaa vingi vya mkononi hujikwaa. Usingizi huutambua, anayekesha bila kujigeuza huviponyoka.

Saa haipimi usingizi tu; na katika vipimo vyake, kalori, yaani nishati ambayo mwili umetumia, ndizo za kubahatisha zaidi, kwa kuwa hukisiwa kutokana na mapigo, mwendo, umri na uzito. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha majaribio ya vifaa 7: sita vilipima mapigo kwa kosa lisilofika asilimia 5, lakini kwenye kalori hata kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilicho hafifu asilimia 93.

Hatua nazo zina vituko vyake. Ukuna nazi umekaa kwenye mbuzi, mkono unaenda na kurudi, saa yaweza kukuandikia matembezi. Sukuma toroli sokoni mikono ikiwa imeshika mpini, na mwendo wako wa kweli usihesabiwe wote.