Kabla ya Kwenda Kazini kwa Baiskeli, Pandisha Kiti

Fundi umeme mmoja alifika kwenye kliniki yetu ya fiziotherapia hapa Dar es Salaam akichechemea. Alikuwa amechoka kugombania daladala, akaamua kutoka Tabata kwenda Kariakoo kwa baiskeli. Ilipofika wiki ya tatu goti la kulia likaanza kuuma kwa mbele, chini kidogo ya pia ya goti. Akapumzika, akachua, akarudi barabarani, likauma tena. Ana miaka 46, na alikuwa amekwisha kujihukumu kwamba safari ile ni ya vijana. Nilimwomba aiingize baiskeli ndani. Kiti kilikuwa kimeshushwa hadi mwisho, kwa sababu jioni mwanawe wa darasa la sita huitumia kwenda dukani.

Naandika makala haya kwa ajili ya watu kama yeye: mtu mzima, asiye mwanamichezo, anayeishi kilomita 8 hadi 12 kutoka kazini. Umbali huo mwili wa kawaida unaumudu. Wengi ninaowaona wameacha baiskeli wameumizwa na kiti kilichokaa vibaya, na wengine na haraka ya siku za mwanzo.

Watu hushusha kiti ili wakisimama nyayo zote mbili zikae chini. Naielewa hofu hiyo, hasa kwenye foleni ya Buguruni. Lakini kiti kikiwa chini, pedeli inapofika juu goti linakunjwa kupita kiasi, na misuli ya paja inapolikunjua kwa nguvu, pia ya goti inagandamizwa kwenye mfupa wa paja. Mara moja haina neno. Ila baiskeli ya kawaida isiyo na giya husogea kama mita 5 kila pedeli inapomaliza mzunguko, kwa hiyo kilomita 10 ni mizunguko 2,000 hivi, na jioni ukirudi ni mingine 2,000. Goti gani litanyamaza?

Kupima hakuhitaji kifaa. Egemea ukuta, kaa kwenye kiti kama unavyokaa ukiendesha, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinamia upande huo. Ukianza safari, kanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, ile iliyo nyuma tu ya vidole, na goti litabaki na mkunjo mdogo unaolifaa. Goti likiuma kwa mbele, kwa kawaida kiti kiko chini. Likiuma kwa nyuma, kiti kimezidi kupanda. Bomba la kiti lina mstari wa mwisho wa kupandishia. Usiuvuke, maana bomba linaweza kuchomoka au kukatika. Na kusimama je? Funga breki, sogea mbele ushuke kwenye kiti, tua mguu wa kushoto. Siku mbili za mazoezi uwanjani zinatosha kuizoea hatua hiyo.

Pua ya kiti nayo ikae sawa. Ikiinama, uzito wote unahamia viganjani na kidole cha pete na cha mwisho hupata ganzi. Ikiinuka, ganzi inahamia sehemu za siri, na wanaume wengi huona aibu kutuambia. Tuambieni. Mara nyingi spana inamaliza tatizo, na isipomaliza tunahitaji kukupima mapema.

Haraka sasa. Mtu anatazama saa, anataka aishinde daladala. Ukitoka mwendo wa kilomita 15 kwa saa kwenda 20, nguvu ya upepo unaokukabili kifuani inakaribia kuongezeka maradufu, na ulichookoa kwenye kilomita 10 ni dakika 10 tu. Dakika hizo utazimalizia chooni ofisini ukisubiri jasho likauke, na kwa unyevu wa hewa ya Dar halikauki upesi. Kilomita 15 kwa saa ni mwendo wa mtu anayeweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Kilomita ya mwisho punguza zaidi. Endesha na fulana. Shati la kazini likae kwenye mfuko juu ya keria, kwa sababu mkoba mgongoni unafungia joto.

Kwa mwendo huo kilomita 10 ni dakika 40. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwenda na kurudi siku mbili tu kunakupa dakika 160. Ndiyo maana siwaambii watu waanze na siku tano. Jumanne na Ijumaa zinatosha mwezi wa kwanza. Magoti na makalio yanahitaji zile siku za katikati ili yazoee. Mwenye presha isiyotulia, au anayebanwa kifua akipanda ngazi, amwone daktari kwanza. Anayechoma insulini apime sukari kabla ya kuondoka na awe na kitu kitamu mfukoni, kwani misuli ikifanya kazi huishusha sukari.

Mimi natoka Ubungo kwenda Upanga kwa Barabara ya Morogoro, kama kilomita 9. Njia za pembeni zilizojengwa pamoja na mwendokasi zinasaidia, ingawa ukifika Manzese meza za biashara na bodaboda huwa zimezijaza. Hapo nashuka, nakokota. Barabara ya mabasi ya mwendokasi siingii hata ikiwa tupu, na nakuomba nawe usiingie.

Kuna jambo moja la barabarani naomba ulishike kuliko yote. Lori lililosimama kwenye taa lina eneo kubwa upande wa kushoto ambalo dereva halioni. Mwendesha baiskeli huiona nafasi iliyopo kati ya lori na ukingo, akapenya ili asogee mbele. Taa inawaka kijani, lori linakata kushoto, na magurudumu ya nyuma hayafuati mapito ya yale ya mbele: yanaikata kona kwa ndani, pale pale alipo. Nimewahudumia watu waliosalimika katika ajali za namna hiyo. Miguu yao haikurudi ilivyokuwa. Baki nyuma ya lori, mahali ambapo unaiona sura ya dereva kwenye kioo chake. Usipoiona, ujue naye hakuoni.

Daladala ikiingia kituoni, subiri nyuma yake, usipite kati yake na abiria wanaoshuka. Magari yaliyoegeshwa uyapite kwa kuacha nafasi ya mlango mzima. Helmeti ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, na ikishagonga chini mara moja nunua nyingine hata kama huoni ufa. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma anazihitaji hata anayetoka kazini saa 11 jioni, kwa kuwa mwezi wa Juni jua la Dar huzama kabla ya saa 12 na nusu.

Masika, Machi hadi Mei, rimu zikilowa breki za mpira huchelewa kushika, kwa hiyo anza kufunga mapema. Mto Msimbazi ukifurika, Jangwani hapapitiki, na maji ya tope huficha mashimo na chemba zisizo na mifuniko. Siku hiyo iache baiskeli nyumbani.

Waajiri nao wanaweza kusaidia kwa gharama ndogo: bomba la maji, chumba chenye komeo cha kubadilishia nguo, na chuma kilichochimbiwa chini mahali ambapo mlinzi anapaona, cha kufungia baiskeli. Wanawake wameniambia mara nyingi kwamba barabara wangeivumilia. Kinachowakatisha tamaa ni kukosa mahali pa kubadilisha nguo kwa staha.

Yule fundi umeme tulimpandishia kiti kwa upana wa vidole vinne. Akapumzika siku kumi, Jumapili moja asubuhi akaijaribu njia nzima magari yakiwa machache, kisha akaanza upya kwa siku mbili za wiki. Goti likatulia. Kilichobaki kilikuwa mwanawe, aliyeendelea kushusha kiti kila jioni, na hilo tulilimaliza kwa rangi ya kucha: alama nyekundu kwenye bomba la kiti kwa ajili ya baba, nyeupe kwa ajili ya mtoto. Asubuhi anahakikisha nyekundu imekaa ukingoni, anakaza nati, anabonyeza tairi kwa kidole gumba kuona kama upepo unatosha, anaondoka.