Sheria ya intaneti si adui wa mtoa huduma mdogo

Juzi nilikuwa juu ya paa la gorofa moja Kondele, Kisumu, nikifunga antena, mteja kanishikia ngazi. Akaanza: "Fundi, serikali ingeachana na intaneti kabisa, sisi wadogo tungepumua na bei ingeshuka." Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo kuyasikia maneno hayo, kila mara kwa mtu anayetaka kuuzia mtaa wake Wi-Fi.

Nikamuuliza: intaneti yako unainunua kwa nani? Kwa kampuni kubwa yenye faiba. Na kampuni hiyo inamuuzia nani? Nyumba zile zile unazozitaka wewe. Yaani anayekupimia unga ndiye anayeuza chapati mlango wa pili. Pasipo sheria, anaweza kukuuzia jumla kwa bei inayopita rejareja yake mwenyewe, au akwambie laini iko njiani miezi sita huku anasajili wateja wako. Kanuni za 2010 za ushindani wa haki na za kuunganisha mitandao ziliwekwa kwa ajili ya mambo kama hayo. Zikiondolewa, atakayepumua si wewe.

Nakubali, sheria inaweza kuua. Mwishoni mwa 2000 watoa huduma wa Nairobi waliunganisha mitandao yao mahali pamoja, KIXP. Hadi hapo barua pepe ya kwenda ofisi ya jirani ilipanda setilaiti, ikafika Marekani, ndipo ikarudi. Telkom Kenya, iliyopewa na sheria ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na haukupita muda mdhibiti wa mawasiliano (leo Mamlaka ya Mawasiliano) akaifunga KIXP. Ilifunguliwa tena 2002, safari hii ikiwa na leseni. Ukiritimba ukaisha 2004. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikatua Mombasa, na hiyo TEAMS ilisukumwa na serikali yenyewe pamoja na kampuni binafsi. Ofisi ya mdhibiti iliyofunga mlango ndiyo iliyoufungua. Kwa hiyo, ndugu zangu, someni kanuni inamlinda nani kabla ya kutaka ifutwe.

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia. "Masafa ya Wi-Fi ya 2.4 na 5 gigahazi ni ya bure, leseni ya nini?" Masafa ndiyo ya bure. Kuuzia umma huduma kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, hata kama antena yako ni moja.

"Leseni ni za matajiri." Lipo daraja la leseni la ngazi ya kaunti, na tangu 2021 upo utaratibu wa mitandao inayoendeshwa na wanajamii wenyewe. Ulizia hayo kwanza.

"Mamlaka ndiyo hupanga bei za bando." Hapana. Hupanga kiasi ambacho kampuni hulipana simu inapovuka mtandao. Mwaka 2010 kilikatwa nusu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na gharama ya kupiga simu ikaporomoka.

Kila ninayemfungia antena namwachia sharti: daftari kando ya rauta. Laini ikikatika au ikilegea, andika tarehe, saa na kasi uliyopima, kwa maana lalamiko lisilo na rekodi halifiki popote, liwe la kupeleka Mamlaka ya Mawasiliano au Mamlaka ya Ushindani. Huyu wa Kondele nilimwandikia mstari wa kwanza kwa mkono wangu: saa tisa alasiri, amelipia megabiti 20, zimefika 11.