Supreme Court ya New York si mahakama ya mwisho

Wengi wakisikia kesi iko Supreme Court ya New York, yaani “Mahakama ya Juu”, hudhani imefika kileleni. La hasha, hapo ndipo inapoanzia. Kila moja ya kaunti 62 za jimbo hilo ina mahakama hiyo, nayo ndiyo inayosikiliza mashahidi, kuamua madai makubwa na kuvunja ndoa. Ndiyo, talaka haitolewi na mahakama ya familia, jambo linalowachanganya hata wenyeji. Rufaa hupanda kwenye kitengo cha rufani, kisha Mahakama ya Rufani iliyoko Albany, yenye majaji 7. Mtanzania hatashangaa: kwao pia Mahakama ya Rufani ndiyo ya mwisho.

Kosa la pili hufuata papo hapo. Mtu hutafuta jalada kwenye PACER, mfumo wa mahakama za shirikisho, akilikosa anaamini limefichwa. Majalada ya Supreme Court hutunzwa na karani wa kaunti, na mengi yaliyofunguliwa kielektroniki husomwa bure kwenye NYSCEF, mfumo wa mtandaoni wa mahakama za jimbo hilo. Jalada la talaka ni jingine: bila amri ya mahakama, huonyeshwa wanandoa wenyewe na mawakili wao tu.